Barua ni Nusu ya Kuonana
Askari wa Kiislamu walivyowaandikia jamaa zao kutoka mahandakini, 1914–1918



Ndugu msomaji, ukikaa na wazee wa pwani utawasikia wakisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Sisi vijana wa leo msemo huo tunausikia tu, utamu wake hatuuonji. Kijana yuko Doha kikazi, mamake yuko Mombasa, na baada ya tarawehe wanaonana kwenye simu kama waliokaa mkeka mmoja. Basi hebu jiweke mahali pa mtu ambaye hiyo nusu ya kuonana ndiyo pekee iliyombakia. Yuko nchi ya baridi asiyoijua, amejibana ndani ya handaki la matope, mizinga inanguruma juu ya kichwa chake, na kesho hana hakika ya kuiona. Mkononi ana karatasi moja. Atawaambia nini watu wa nyumbani kwao?

Swali hili lina majibu maelfu. Katika vita vikuu vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, askari kutoka India waliopelekwa Ufaransa waliwaandikia jamaa zao barua nyingi mno, na wengi wa askari hao walikuwa Waislamu. Sehemu ya maneno yao ipo mpaka leo katika maktaba kuu ya Uingereza, mjini London. Katika usiku huu wa Ramadhan, ukishafuturu na kuswali, nakuomba tukae nao kidogo. Wana la kutuambia kuhusu dini yetu na nyumba zetu. Na wana la kutukumbusha kuhusu babu zetu wenyewe, ambao barua zao hatunazo.

NI AKINA NANI HAWA?

Kwanza tuelewane. Tukisema India ya wakati ule, tunasema pamoja na Pakistan na Bangladesh za leo. Yote hiyo ilikuwa chini ya Mwingereza. Askari wake wengi walitoka Punjab na milima ya mpakani mwa Afghanistan, na wengi walikuwa watoto wa wakulima. Askari wa kawaida alilipwa rupia 11 kwa mwezi. Kwa nyumba yenye shamba dogo na madeni, hizo hazikuwa pesa za kudharau. Juu yake kulikuwa na heshima ya ukoo: baba alikuwa askari, babu alikuwa askari, na mtoto naye akafuata.

Vita vilianza Agosti 1914, na mwanzoni tu jeshi la Uingereza likapata pigo kubwa huko Ufaransa, likawa lahitaji watu haraka. Wahindi wa kwanza wakashuka bandari ya Marseille tarehe 26 Septemba 1914. Haukupita mwezi na siku chache wakawa wameshaingizwa vitani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Wengi wao walikuwa bado na nguo nyepesi za nchi ya joto, na huku baridi ndiyo inaingia.

Huko ndiko, tarehe 31 Oktoba 1914, kijana mmoja wa Kipunjabi aitwaye Khudadad Khan, wa kikosi cha 129 cha Baluchi, alipobaki peke yake kwenye bombomu baada ya wenzake wote waliokuwa nalo kuuawa. Yeye mwenyewe alikuwa na majeraha. Maadui wakamwacha wakidhani amekufa, naye akatambaa mpaka akawafikia wenzake. Akawa askari wa kwanza wa Kihindi kupewa nishani ya Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Lishike jina la kikosi hicho cha 129, maana tutakutana nacho tena, na si mbali na hapa kwetu.

BARUA YA WATU WOTE

Wengi wa askari hawa hawakujua kusoma wala kuandika. Mtu alisema maneno yake kwa mdomo, na mwenzake aliyesoma ndiye aliyeandika, kwa Kiurdu, Kihindi, Kipunjabi au lugha nyingine ya kwao. Ikifika kijijini mambo yakawa yale yale: ilipelekwa kwa mwalimu, au kwa mtu wa posta, au kwa yeyote aliyejua herufi, watu wakakusanyika, ikasomwa kwa sauti.

Kwa hivyo usitegemee kukuta humo maneno mengi ya faragha kati ya mume na mke. Atamwambiaje mkewe kwamba amemkosa, na huku barua inasomwa mbele ya mjomba na jirani? Mapenzi yamejificha kwenye salamu. Mfikishie salamu fulani na fulani, waambie niko salama, nijibuni upesi. Wale waliowahi kuona barua za kale za Waswahili, zile za "ama baada ya salamu", watazitambua hizi mara moja. Mtindo ni wa jamaa mmoja.

Kufikia Machi 1915, Wahindi waliokuwa Ufaransa walikuwa wakiandika kati ya barua 10,000 na 20,000 kwa wiki. Wewe fikiria! Na ndani yake kulikuwa na nini? Kwanza mambo ya nyumbani. Deni la shamba limelipwa? Ile kesi ya ardhi imefikia wapi? Nani ameoa, nani amezaa, mavuno yamekuwaje? Mtu yuko katikati ya vita vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuonekana, na bado anauliza habari ya ng'ombe. Usicheke. Kuuliza habari ya ng'ombe ndiko kulikomfanya abaki mtu wa kwao.

Kisha walijaribu kuvieleza vita wenyewe, na hapo maneno yaliwapungukia, kwa sababu jambo lile halikuwa na mfano. Wakachukua mifano ya kijijini: risasi na makombora yanaanguka kama mvua ya masika, watu wanakauka kama nafaka kwenye kikaango. Waislamu wakakumbuka Karbala. Mwengine akawaambia jamaa zake kwamba hivi si vita tena, huu ndio mwisho wa dunia.

Na wengine walitoa wasia mmoja mfupi kwa ndugu zao wadogo: usije jeshini. Wasia huo ndio uliowatia wasiwasi wakubwa wa jeshi, kwa sababu wao walikuwa wakitafuta askari wapya kila siku.

JICHO LA TATU

Lakini ngoja kidogo. Wakubwa wa jeshi waliyajuaje yaliyomo ndani ya barua ya mtu?

Waliyajua kwa sababu walizifungua. Huko Ufaransa iliwekwa ofisi maalumu ya kukagua barua za Wahindi, chini ya afisa aitwaye Evelyn Berkeley Howell, aliyezijua lugha za huko India. Waingereza walikuwa na hofu mbili: kwamba wapinzani wa utawala wao wataingiza maneno yao kwa askari, na kwamba habari za mauaji ya mahandakini zitafika vijijini na kuharibu uandikishaji. Barua haikuwezekana kusomwa kila moja, ni nyingi mno. Wakawa wanachagua baadhi, wanatafsiri vipande kwa Kiingereza, na kila wiki wanapeleka ripoti kwa wakubwa. Barua nyingi ziliachiwa zikaenda zake. Chache zilizuiliwa.

Askari nao hawakuwa wajinga. Walijua kuna jicho la tatu linalosoma, wakaanza kusema kwa mafumbo. Fumbo mashuhuri kuliko yote ni la pilipili. Mtu anawaandikia jamaa zake kwamba pilipili nyeusi imekaribia kwisha, sasa inatumika nyekundu. Ukisoma haraka utadhani ni habari ya jikoni. Pilipili nyeusi ni askari wa Kihindi, nyekundu ni Waingereza. Anachosema ni kwamba sisi tumekwisha, sasa zamu ni yao. Wakaguzi walilitambua fumbo hilo, lakini ni mangapi mengine yaliyowapita?

Kuna jambo jengine litakalowafurahisha wapenzi wa mashairi. Howell aligundua kwamba majeruhi walianza kuandika mashairi mengi ndani ya barua zao, na akawaonya wakubwa wake kwamba hiyo ni dalili mbaya, inaonyesha nyoyo zimetaabika. Sisi watu wa pwani tungemwambia hilo bure. Mtu akizidiwa na jambo, lugha ya kawaida haimtoshi.

Sasa angalia maajabu haya. Zile barua zenyewe, karatasi zilizoshikwa na mama na baba, nyingi zimepotea. Ziliraruka, ziliozeshwa na mvua, zililiwa na mchwa. Maneno yaliyotufikia ni yale aliyoyanakili mtu ambaye hakuwaamini walioyaandika. Mpelelezi ndiye aliyegeuka mhifadhi wa urithi.

SWALA, FUNGA NA KABURI

Hebu tuangalie dini yao huko waliko.

Ramadhan za 1915, 1916 na 1917 zote ziliangukia majira ya kiangazi. Hapa kwetu tunafunga karibu saa 13 na nusu, na saa kumi za alasiri tumeshaanza kutazama saa ukutani. Kaskazini mwa Ufaransa mwezi wa Julai, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama ni karibu saa 16, na ukihesabu tangu alfajiri muda unazidi hapo. Ongeza kulinda usiku, ongeza kuchimba mahandaki. Dini imempa ruhusa msafiri na mgonjwa, na hawa walikuwa wasafiri kwelikweli. Pamoja na hayo walikuwemo waliofunga. Funga na Idd vimo katika barua zao, na furaha ya kuswali jamaa moja katika nchi ya ugeni. Sisi tunaolalamika kwa sababu stima imepotea wakati wa daku, hapo tujitazame.

Majeruhi wengi walipelekwa Uingereza, katika mji wa pwani wa Brighton. Huko kulikuwa na kasri la zamani la kifalme, Royal Pavilion, lililojengwa na makuba mfano wa majumba ya India. Mwishoni mwa 1914 likageuzwa hospitali. Walitengewa majiko tisa mbalimbali ili Waislamu, Mabaniani na Masingasinga kila mmoja apikiwe kwa mujibu wa dini yake. Maji ya kunywa ya Waislamu na ya Mabaniani yalikuwa na bomba mbali mbali. Waislamu walipewa mahali pa kuswalia katika bustani ya kasri. Wengi waliandika kwa shukrani juu ya hayo.

Lakini tusidanganyike. Picha za hospitali hiyo zilipigwa na vitabu vikachapishwa vikapelekwa India, ili watu waone mfalme alivyo mwema. Katika hospitali nyengine ya Wahindi mjini humo humo, iliyoitwa Kitchener, majeruhi walizuiwa kutoka nje, wakawekewa waya wa miba na walinzi. Walioandika kutoka huko walisema kwamba wanakaa kama wafungwa. Neema na jela zilikuwa mitaa michache tu baina yao, na barua ndizo zinazotuambia zote mbili.

Na waliokufa je? Mabaniani na Masingasinga walichomwa katika vilima vya nje ya Brighton kwa desturi zao. Waislamu walipelekwa Woking, karibu na London, ambako kulikuwa na msikiti uliojengwa tangu 1889. Huko wakatengewa makaburi yao, wakazikwa Kiislamu. Wajerumani walikuwa wakieneza habari kwamba Waislamu wanaokufa Uingereza hawazikwi inavyopasa, na Waingereza wakaona lazima wajibu kwa vitendo. Miili ile ilihamishiwa makaburi ya Brookwood mwishoni mwa miaka ya 1960, na uwanja wa zamani umefanywa bustani ya amani tangu 2015.

MOYO UNAPOGAWIKA

Sasa tufike penye uzito, na nakuomba usome taratibu.

Mapema Novemba 1914 Uturuki iliingia vitani upande wa Ujerumani. Sultani wa Uturuki wakati ule ndiye aliyekuwa akiitwa Khalifa wa Waislamu. Mwezi huo huo, mjini Istanbul, Sheikh-ul-Islam akatoa fatwa kwamba kupigana na Waingereza, Wafaransa na Warusi ni jihad. Waingereza nao wakatangaza kwamba hawatagusa Makka na Madina. Mzozo huo ulifika mpaka pwani yetu: Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, aliwatangazia Waislamu wasiwafuate Waturuki, wabaki na Mwingereza.

Haya, wewe ni Muislamu, umekula kiapo kwa mfalme wa Uingereza, umekula chumvi yake, na mshahara wako ndio unaolisha mama na ndugu zako. Khalifa anasema hivi, afisa wako anasema vile. Ukikataa amri, ni risasi au kifungo. Ukitii, huenda ukampiga risasi mtu anayeelekea kibla unachoelekea wewe. Utafanya nini?

Hawakufanya jambo moja. Singapore, Februari 1915, askari wa Kiislamu wa kikosi cha tano walifanya uasi wa silaha. Wengi walikamatwa, na askari 47 wakapigwa risasi baada ya kuhukumiwa, mbele ya watu. Basra, Februari 1916, askari wa farasi wa kikosi cha 15, waliokuwa wametoka kupigana Ufaransa, walikataa kwenda kupigana na Waturuki karibu na miji mitakatifu ya Iraq. Hawakusema hawapigani kabisa. Walisema mahali popote pengine, lakini si hapo. Zaidi ya 400 wakahukumiwa. Na maelfu ya wengine walitii, wakapigana Iraq na Palestina, wakafa huko.

Ukitafuta jambo hili katika barua utaliona, lakini limefunikwa. Wapo waliosema waziwazi kwamba wao ni wa mfalme. Wapo walioomba dua vita viishe na wasiseme nani ashinde. Usisahau kwamba kulikuwa na msomaji wa tatu. Mtu anayejua barua yake inafunguliwa hawezi kuandika yote yaliyo moyoni, na pale aliponyamaza nako kuna jibu.

NDUGU WAWILI

Nitakupa mfano wa nyumba moja, uone vita vilivyopita katikati ya tumbo moja la mama.

Mir Dast na Mir Mast walikuwa ndugu, Waafridi kutoka milima ya Tirah. Wote wawili walikuwa maafisa wa Kihindi katika vikosi viwili tofauti. Machi 1915 Mir Mast, usiku, akavuka mahandaki pamoja na wenzake kadhaa, akaenda upande wa Wajerumani. Wajerumani walifurahi sana. Walikuwa na kambi maalumu ya wafungwa wa Kiislamu huko Wünsdorf, karibu na Berlin, na mwaka huo huo wakaijengea msikiti wa mbao, ili kuwavuta wafungwa wahamie upande wa Uturuki.

Mwezi uliofuata, Aprili 1915, Wajerumani walitumia gesi ya sumu huko Ypres kwa mara ya kwanza kwa kiasi kikubwa. Tarehe 26 Aprili kikosi alichokuwamo Mir Dast kikaingia ndani ya moshi huo. Maafisa wakaanguka. Yeye akawakusanya watu waliobaki, akashikilia mahali pake mpaka usiku, kisha akasaidia kuwabeba maafisa wanane, Waingereza na Wahindi, mpaka penye usalama. Akapewa Victoria Cross. Tarehe 25 Agosti 1915 Mfalme George wa Tano akamvisha nishani hiyo kwa mkono wake, kwenye bustani ya Royal Pavilion.

Sasa sikiliza alichokiandika Mir Dast kutoka kitandani, na maneno haya nayasimulia kwa maana yake: kwamba nishani aliyopata ni kitu kizuri sana, lakini gesi haimwachi apumzike, imemmaliza.

Basi. Hakumtukana mtu, hakujisifu. Ndugu mmoja alikwenda kwa Wajerumani, mmoja akapewa nishani na mfalme. Vitabu vya vita vitamwita mmoja msaliti na mwengine shujaa, au kinyume chake, inategemea aliyeshika kalamu. Mama yao angewaita wote wawili wanangu. Na huyo shujaa, alipopata nafasi ya kusema, alizungumzia pumzi yake.

WALICHOJIFUNZA UGENINI

Si kila barua ni ya huzuni. Askari walipopumzishwa nyuma ya mahandaki walikaa katika nyumba za wakulima wa Kifaransa, na wengi wakapata humo mama wa pili: bikizee aliyewafulia nguo, akawapa kahawa, akawalilia walipoondoka. Vijana wake mwenyewe walikuwa vitani. Lugha haikuwaunganisha, uchungu uliwaunganisha.

Na hao wakulima wa Punjab walishangaa jambo moja zaidi ya mengine. Waliona wanawake wa Kifaransa wanajua kusoma na kuandika, wanaendesha shamba na duka waume wakiwa hawapo, na habari za vita wanazisoma wenyewe gazetini. Ndipo wapo walioandika nyumbani wakasema: wapelekeni wasichana wetu shule. Punguzeni pesa za harusi na mapambo, wasomesheni watoto, wa kike na wa kiume.

Fikiria msemo huo ulivyowatoka. Mtu anayelazimika kumwomba mwenzake amwandikie barua, ambaye mkewe hawezi kuisoma peke yake mpaka kijiji kizima kiisikie, ndiye anayejua kwa uchungu faida ya elimu. Dini yetu ilishasema kutafuta elimu ni faradhi. Wao walilikumbuka hilo ndani ya matope. Sisi tuna shule jirani, na bado kuna nyumba binti anatolewa darasani kwa sababu ya karo ilhali harusi ya kakake ilifungwa kwa mahema matatu.

NA HAPA KWETU?

Nilikwambia ulishike jina la kikosi cha 129. Vita vile havikuwa vya Ulaya peke yake. Tarehe 2 mpaka 5 Novemba 1914 jeshi la Wahindi karibu 8,000, lililopitia Mombasa, lilijaribu kuiteka Tanga likashindwa vibaya na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, wachache sana kuliko wao. Wazee wa Tanga bado wanasimulia nyuki waliotoka mizingani wakawafukuza askari. Kisha mwaka 1916 kikosi cha 129, kile kile cha Khudadad Khan, kikaletwa kutoka Ufaransa mpaka kwetu, kikapigana upande wa Kilimanjaro, na 1917 kikawa kusini mwa Tanganyika. Ukienda Taveta kutoka Voi, pale Maktau, utakuta makaburi ya Wahindi wa vita hivyo. Ukipita, wasomee Fatiha Waislamu waliomo. Mama zao hawakuyaona makaburi hayo.

Na babu zetu? Walichukuliwa makumi ya maelfu, wengi kwa lazima, kuwa wapagazi wa jeshi: kubeba risasi, unga na majeruhi kichwani, kutoka Voi mpaka mto Rufiji na kuvuka. Jina la Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na Carrier Corps, jeshi hilo la wapagazi. Walikufa kwa njaa, kuhara na malaria zaidi kuliko risasi. Nairobi na Mombasa kuna sanamu za kuwakumbuka, na maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiswahili kikiwamo. Lakini sanamu haina majina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mpagazi naye alikuwa na mama. Naye alikuwa na shamba, deni na mchumba. Lakini wengi hawakujua kuandika, na hapakuwa na mwenzao wa kuwaandikia. Hata mpelelezi hakuwepo wa kuwanakili. Jeshi liliwahesabu kama mizigo waliyoibeba. Hiyo ndiyo tofauti baina ya yule wa Punjab na yule wa Giriama au Taita: wote walikufa kwa ajili ya vita vya mtu mwengine, lakini mmoja tunajua alichowaza usiku, na mwengine hata jina hatuna.

TUFANYE NINI?

Vijana wenzangu, hatuwezi kuwarudisha. Lakini liko tunaloweza, na Ramadhan ni wakati wake, kwa sababu ndio mwezi ambao jamaa wanakaa pamoja kwa futari.

Mkishakula, muulize bibi au babu: baba yako aliitwa nani, na babake? Nani katika ukoo wetu alichukuliwa vitani, vya kwanza au vile vya pili, akapelekwa Burma? Alirudi? Alisema nini? Andika majibu kwenye daftari kwa kalamu, na jina la msemaji, na tarehe. Simu inaibiwa, simu inaharibika. Kama kuna sanduku la makaratasi ya kale chini ya kitanda, barua za herufi za Kiarabu ambazo wengi siku hizi hawawezi kuzisoma, usikubali zitumike kuwashia jiko. Mpelekee mwalimu wa madrasa akusomee, kisha uzihifadhi mahali pakavu.

Na kama una ndugu ughaibuni, mwandikie barua kamili, hata kwa simu hiyo hiyo. Usimpe "niaje, poa" peke yake. Mwambie mvua imenyesha, nani ameoa, mama anakuombea. Mir Dast na wenzake walijua kwamba mtu akiwa mbali, habari ndogo za nyumbani ndizo zinazomshika asipotee.

Na tukiwakumbuka marehemu wetu katika dua, tuwaingize na wale wa Woking, wa Basra, wa Maktau, na wale wapagazi waliofia njiani wasijulikane walipozikwa. Majina yao tumeyakosa sisi, kwa Mola wao hayakupotea. Allah awarehemu walio Waislamu miongoni mwao, azikubali funga zetu, na atupe kheri ya kuijua asili yetu.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.